Siku Tuliyomlaza Bibi Mzima

Nakumbuka ilikuwa Jumamosi, saa nane na dakika kumi mchana, Mama aliposimama jikoni na simu sikioni akasema kwamba Bibi ni mgonjwa. Niliangalia saa ya kwenye jiko kwa sababu sikutaka kumwangalia Mama. Bibi mwenyewe alikuwa mezani mbele yangu akichambua maharage, mzima wa afya, anaimba kwa kuguna. Aliposikia jina lake aliinua macho. Akaendelea kuchambua, lakini hakuimba tena.

Mwanangu, wewe bado hujazaliwa, na mimi ninayekuita hivyo nina miaka kumi na saba, bado naona aibu hata kuagiza chakula kwenye dirisha la mgahawa. Utacheka ukisoma. Lakini Bibi husema nasaha haingoji mvi, aliyeungua jana anaweza kumwambia wa leo kwamba sufuria ni ya moto. Basi sikiliza, nami nitakwenda polepole.

Wiki ile watu wengi hapa Haltom City, mji wa ugenini tunakoishi, walikuwa na hofu. Kulikuwa na maandamano, televisheni ikawa inaonyesha mtaa ule ule mmoja na gari lile lile linaloungua, asubuhi na jioni, mpaka ukadhani ni miji yote. Kwenye simu zetu zikawa zinapita sauti za watu tusiowajua: Jumamosi kutawaka, maduka yatafungwa, umeme utakatwa, mwenye familia ajipange. Shuleni wenzangu walikuwa wanacheka, lakini hata wao walisema nyumbani kwao wamejaza maji mpaka bafuni.

Baba hakucheka. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na Baba yangu aliumwa angali mtoto, walipokimbia Burundi kwa miguu hadi kambini Kigoma. Kila alipotoka kazini ghalani alirudi na mzigo. Mchele, unga wa sembe, maharage, mafuta, chumvi, betri, maji ya chupa. Magunia yalipanda kutoka sakafuni hadi dirishani, sebule ikawa bohari, kochi tukalisukuma koridoni. Tena akatukataza kumwambia mtu. Alisema mtu akijua ulicho nacho, siku ya njaa ataanzia kwako. Sitaki umhukumu babu yako, mwanangu. Alikuwa anatupenda kwa namna aliyofundishwa na njia ile.

Tatizo ni kwamba Jumamosi ile ilikuwa zamu yetu ya jumuiya. Jumuiya yetu ni familia chache za Wakatoliki, karibu wote Warundi waliopitia kambini, na kila Jumamosi jioni tunasali nyumba moja, kwa zamu. Sala ikiisha, mwenye gari anampakia asiye na gari wanakwenda dukani. Ndivyo Mzee Bonifasi anavyoishi. Ni mzee wa peke yake, hana gari, Kiingereza hajui, anakaa kwenye yale majengo ya njano nyuma ya duka la dobi, mwendo wa robo saa kutoka kwetu. Mama Jenerosa, mwenyekiti wa jumuiya, ndiye humpeleka, na mimi hukaa naye kiti cha nyuma, kisha dukani humsomea maandishi ya kwenye makopo. Hununua vya wiki moja tu. Anasema mtu mmoja akinunua vya mwezi amealika panya. Kwa hiyo ikifika Jumamosi kabati lake huwa tupu, na mimi nililijua hilo kuliko mtu yeyote.

Sasa jumuiya ingeingiaje sebuleni na magunia yale? Ndipo Mama akampigia simu Mama Jenerosa, akasema Bibi hajisikii vizuri, labda wenzetu wasalie kwingine. Aliona ni uongo mdogo, wa kufunika aibu. Lakini njia ya mwongo ni fupi. Sijui tulisahauje. Kwetu mtu akiugua hatuahirishi sala, tunaihamishia kitandani kwake.

Haikufika hata saa kumi na nusu, magari yakaanza kuingia uani. Baba alichungulia akarudi nyuma kama aliyeona polisi. Tulivua mashuka vitandani, tukaleta na vitenge vya Mama, tukafunika magunia. Mlima ukawa umevaa nguo za sikukuu. Mama akamwomba Bibi aende alale. Bibi alifuta mikono taratibu, akamtazama Baba, mwanawe, halafu akasema, "Kulala nitalala. Kukohoa sikohoi."

Wakaingia na chupa za chai, ndizi na maharage, chapati zilizofungwa kwenye taulo. Wengine walikuwa bado na sare za kazi, hotelini na kiwandani, hata kunawa uso hawajanawa. Chumba cha Bibi kikajaa, waliobaki wakapiga magoti koridoni kandokando ya kochi. Wakasali rozari nzima. Walimwombea magoti yake, kifua chake, miaka yake. Mimi niliitikia Salamu Maria nikiwa nimeegemea ukuta, na kila nilipomwona Bibi amelala macho kwenye dari, nilirudi kutazama sakafu.

Baada ya sala Mama Jenerosa alikuja sebuleni kutafuta pa kukaa. Ni mwanamke mnene, mcheshi, kazi yake ni kuogesha wagonjwa kwenye nyumba ya kutunzia wazee na haoni haya na mwili wa mtu. Alijitupa juu ya shuka, akaguna, akapapasa alichokalia, akamgeukia Mama.

"Mama Noela, kochi hili mmelinunua au mmelimwaga kwa saruji?"

Watu walicheka kidogo. Kisha shuka likateleza, kona ya gunia ikaonekana, na kicheko kikaisha chenyewe. Mama Jenerosa alilivuta shuka akafunika ile kona kwa upole, kama unavyomfunika mtoto aliyelala vibaya, akaomba kikombe cha chai. Mwanangu, angetutukana ingekuwa afadhali.

Alipokuwa anaaga, kwa sababu alikuwa na zamu ya usiku, alisema kama mtu anayejikumbusha tu kwamba leo Mzee Bonifasi hakupelekwa dukani. Alitoka nyumbani akiwa ameshika njia ya kwenda kumchukua, simu ya Mama ikamgeuza, akasema mgonjwa kwanza. Mzee ataelewa. Simu yake imeita tu, huenda amelala.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Nilijua kabati ni tupu. Nilijua pia kwamba haelewi habari za televisheni, anaona moto tu. Sentensi yote ilikuwa mdomoni: Mama Jenerosa, hana kitu, tumpelekee hizi ndizi. Lakini watu walikuwa wengi, na nikifungua mdomo mbele ya watu uso wangu huwaka. Nikajiambia atasema mwingine. Mlango ukafungwa. Ndizi zikabaki juu ya meza yetu, nyumba yenye chakula kuliko nyumba zote za mtaa ule.

Magari yalipoondoka Bibi akatoka chumbani. Alikuwa amejifunga kitambaa chake kichwani na amevaa viatu, maana hakutaka kuzungumza na mtu akionekana mgonjwa. Baba alikuwa anakunja mashuka.

"Silvesta," Bibi alisema, "watu wametoka kazini wamepiga magoti kuniombea uzima nilio nao. Maombi yale yalikuwa ya mtu mwingine. Umenifanya mwizi."

Baba alisema kwa sauti ndogo kwamba yeye, mama yake, anajua vizuri walivyonyang'anywa njiani, na waliowanyang'anya walikuwa wanawafahamu kwa majina.

Bibi alikaa. Halafu akasema, "Najua, nilikuwepo. Wengine walikuwa majirani, sikatai. Na aliyekubeba mgongoni miguu ilipovimba alikuwa nani? Si jirani? Unga niliokuwa nao uliisha mapema, mwanangu. Kilichotufikisha Kigoma ni kwamba kila jioni, kabla ya kulala, mtu mmoja alikuwa anaita majina yetu wote, na asipoitika mmoja hatulali. Wewe umekumbuka mwizi. Mwita majina umemsahau."

Kisha akanigeukia mimi, na hapo ndipo ninapoumia mpaka leo. Hakunigombeza. Aliniuliza tu kama yule mzee wangu wa makopo amekula. Alikuwa amesikia kila kitu kupitia ukutani. Nikasema sijui. Akasema, "Unajua."

Baba alikuwa amechelewa kazini, akaondoka na gari letu hilo moja. Mama alipiga simu ya Mzee Bonifasi mara kadhaa, ikaita mpaka ikachoka. Yeye na Bibi wakaogopa kunitoa nje jioni ile na habari zile. Nikasema nitakwenda kukipambazuka. Wanasema majuto ni mjukuu. Mimi mjukuu mwenyewe nililala kitanda kimoja na Bibi, na kila mmoja wetu alijua mwenzake hajalala.

Fujo zilizotangazwa hazikufika kwetu, mwanangu. Mtaa wetu ulikaa kimya siku zote zile. Sisemi kwamba hazitafika wakati wako. Zikija habari za namna hiyo, jipange, wala usione aibu. Weka maji, weka unga, jua dawa za watu wako ziko wapi. Akiba haiozi, na anayecheka mwenye akiba hajalala njaa. Lakini kabla hujakwenda dukani, kaa chini kwanza uwaite watu wako kwa majina. Nani hana gari? Nani anaona picha tu na maneno hayaelewi? Nani akipigiwa simu hapokei? Yule wa karibu na mlango wako ndiye utakayemwita siku ya shida, naye ndiye atakayekuita, maana fimbo ya mbali haiui nyoka. Hofu ukiipa chumba chako cha kupokea wageni, wageni watakaa wapi?

Tena usimfanye mtu mzima kuwa pazia la aibu yako. Sisi tulitaka kuficha chakula, tukajikuta tumechukua na sala na safari ya mtu asiye na chochote. Baba alimwendea Mama Jenerosa akamweleza yote, na sasa sehemu ya magunia yale ni ya jumuiya nzima na kila mtu anajua yalipo. Lakini kuna kitu hakikurudi. Mzee Bonifasi siku hizi tukichelewa kidogo tu kumfikia, anatupigia simu na sauti yake inatetemeka, na mtetemeko ule ni sisi tuliomwekea.

Na kama utazaliwa na haya yangu, maana naogopa utairithi, nakuomba uniamini katika hili moja. Neno linalomhusu mtu mwenye njaa liseme hata kama linatoka limepinda, hata uso ukiwaka. Uso hupoa. Mungu akupe mlango ambao watu wanaubisha bila kualikwa, akupe sauti siku inapohitajika hata kama siku nyingine atakunyima, na usiku wowote utakaokuwa mgumu, asikosekane mtu wa kuita jina lako, nawe uwepo uitike. Amina, mwanangu.

Asubuhi yake, Jumapili, kulipoanza kupambazuka, nilivaa koti la Mama nikachukua ndizi na nusu gunia dogo la mchele, nikatembea peke yangu. Barabara ilikuwa tupu, duka la dobi limefungwa, ndege wamejaa kwenye nyaya. Mlango wa Mzee Bonifasi nilibisha mara moja tu ukafunguka, kama mtu alikuwa ameshika kitasa. Alikuwa amevaa koti, kofia, na viatu vimefungwa kamba. Nyuma yake, kwenye kiti kilichoelekea mlangoni, kulikuwa na blanketi lililofungwa furushi. Taa zote zilikuwa zimezimwa. Alinitazama, akatazama nyuma yangu barabarani, akauliza kwa sauti ya chini, "Wenzetu wamepita njia gani?"

Sikuelewa mara moja. Nilipoelewa, nilimshika mkono nikamwambia kwamba hakuna aliyeondoka, Babu, wote wapo, Bibi yupo, Mama Jenerosa anatoka kazini sasa hivi atakupitia mwende kanisani. Niliyasema kwa sauti kubwa, nikayarudia. Akasema aliona magari yote ya jumuiya yamepita mtaani kwake hayakusimama, akajua ndiyo imekuwa, watu wamekimbia tena, akaogopa hata kupokea simu.

Nikamketisha kwenye kile kiti. Miguu yake ilikuwa imevimba kwa kukesha amevaa viatu. Nikapiga magoti nikaanza kumfungua kamba za viatu.