Siku Niliyomwombea Mjomba

Shuleni kwetu, kila Jumatano kengele ya kipindi cha dini ikilia, kidato cha tatu kizima tunagawanyika kama mifugo inayorudi zizini. Wakatoliki maabara, Wamoravian darasani, Walokole bwaloni kwa sababu ya kelele zao, Waislamu wanavuka barabara kwenda msikitini. Kila mtu anajua pa kwenda. Mimi nimeshakaa karibu kote. Kwa Walokole nilidumu mwezi mzima kwa ajili ya ngoma tu, mpaka wakataka kuniombea mapepo yanitoke, nikaona bora niondoke kabla mapepo hayajafika.

Jumatano moja nikanyoosha mkono.

"Mwalimu, samahani. Sisi tusioamini tunakaa chumba gani?"

"Ninyi na nani?"

"Kwa sasa niko peke yangu, ila tunapokea wanachama."

"Basi nendeni chooni, kuna nafasi."

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu huyo ni Mgogo, na sisi Wanyamwezi na wao ni watani. Wanasema utani huo ulianza enzi za misafara, mababu zetu wakipita kwao na mizigo kichwani. Kwa hiyo nikimwambia lolote, hata kwamba kichwa chake kinafaa kufundishia jiografia, hawezi kunichapa. Tena katika mji wetu huu misafara yote iliwahi kutua, na kila aliyeshusha mzigo alishusha na dini yake. Hakuna aliyeshusha mzigo wa wasioamini. Labda ulipotelea njiani.

Shida ni kwamba siku ile sikuwa natania.

Watu wanadhani mtu asiyeamini aliamka siku moja amemkasirikia Mungu. Mimi sikumkasirikia mtu. Ilikuwa kama kuongea na simu weee, unaeleza shida zako zote, halafu unatazama kioo unakuta ilishakatika. Hujui ilikatika saa ngapi. Unabaki umeishika tu, unaona aibu mbele ya watu.

Nilimwambia mtu mmoja tu, jirani yangu wa dawati, binti wa fundi cherehani wa mtaa wa Chemchem.

"Sasa radi ikipiga unamwita nani?" akaniuliza.

"Nakuita wewe."

Hakucheka. "Shoga, usiseme hivyo hata kwa mchezo," akasema, na kipindi kizima hakuniazima rula.

Mwalimu alikutana na mama sokoni akamsimulia huku anacheka. Mama hakucheka. Nilipofika nyumbani, hapa Ipuli, nilimkuta anakata matembele.

"Ulikuwa unatania, eti?"

"Mama..."

"Sema ulikuwa unatania."

Ningesema ndiyo, yangeisha. Mtu kama mimi mlango wake wa kutokea uko wazi siku zote, kila nisemalo ni utani mpaka nithibitishe vinginevyo. Safari hii sikupita. Mama naye hakunitishia moto wa milele. Aliuliza jambo moja tu:

"Nani atakuzika?"

"Manispaa haiwezi kuniacha barabarani, mama."

Mdomo wangu ndivyo ulivyo, unatangulia. Alikiweka kisu chini, nikajua nimemgusa kwa mjomba.

Mjomba, kaka yake mama, alilima tumbaku Usoke. Aligombana na wenzake wa jumuiya, kile kikundi cha majirani Wakatoliki wanaosali nyumba kwa nyumba, akaacha kusali nao. Alipofariki, katekista alifungua daftari la mahudhurio, akakuta mistari mitupu, akasema utaratibu haumruhusu kumzika kikanisa. Hakuja padri wala mwanakwaya. Mama alisoma sala mwenyewe kaburini, sauti inakatika, na majirani walishaanza kukung'uta vumbi waondoke. Nilikuwa darasa la sita. Tangu hapo mama hajakosa jumuiya hata mara moja, na sasa ni katibu.

Na Jumamosi ile ilikuwa zamu ya kwetu kuipokea jumuiya.

"Utasoma somo," mama aliniambia. "Kusoma tu. Hata redio inasoma."

Nikaona hapo amenishinda kwa hoja. Nikakubali.

Walikuja watu kama kumi na wawili, wakakaa kwenye mikeka na mabenchi ya kuazima. Nikasoma vizuri, sikumwigiza padri hata kidogo. Nikawa nafunga kitabu, mwenyekiti, bibi mmoja mpole ambaye kila nikimpa shikamoo marahaba yake huja na pipi, akasema:

"Mjukuu wangu, Mungu akubariki. Sasa nyumba hii ina marehemu wake. Tuongoze, mwombee mjomba wako."

Mama alitazama miguu yake. Miaka yote ile, ndani ya jumuiya hakuna aliyewahi kumtaja mjomba. Sasa wote walikuwa wameinamisha vichwa kwa ajili yake, na waliyekuwa wanamsubiri aanze ni mimi.

Nikaanza. Nilisema alivyonipakia kwenye baiskeli kupita katikati ya mashamba. Nilisema mikono yake ilikuwa myeusi kwa utomvu wa tumbaku na hakuna sabuni iliyoutoa, na kwamba akicheka alicheka mpaka anakaa chini. Nikasema, Bwana, mpokee, usiangalie daftari. Mtu mmoja alianza kulia, halafu wa pili. "Amina!" yao ilisikika mpaka kwa jirani.

Walipoondoka tukatoka uani kuosha vikombe. Mama alikuwa anaimba. Sikumbuki mara ya mwisho kumsikia akiimba na vyombo.

"Nilijua tu," akasema. "Asiyeamini hawezi kuomba vile. Nitakuandikisha uwe msomaji, uanze Jumapili."

Hapo ndipo ningenyamaza. Mtu mwenye akili angenyamaza. Lakini niliziona Jumapili zote zimepangwa mstari mbele yangu, na mimi nikiigiza kila moja, na mama akiimba.

"Mama, sikuwa natania."

"Najua. Hata mwenyekiti alilia."

"Nasema kule shuleni, kwa mwalimu. Kule ndiko sikutania."

Kikombe kilibaki mkononi mwake.

"Na hapa? Kwa mjomba wako?"

"Yale yote ni kweli mama. Baiskeli, mikono yake..."

"Sikuulizi baiskeli. Ulikuwa unaongea na nani?"

Nilisuuza kikombe kimoja, nikakiinamisha.

"Na nyie," nikasema.

"Na sisi," akarudia taratibu. "Kwa hiyo kaka yangu bado hajaombewa."

Nilitaka kumwambia wale kumi na wawili waliomba kwa dhati, kwamba mimi nilitoa sauti tu. Huenda ni kweli, sijui sheria zao zinasemaje. Lakini alishajifuta mikono kwenye khanga, akapiga magoti palepale pembeni ya beseni, akaanza kumwombea kaka yake upya, kwa Kinyamwezi, lugha anayoitumia akiwa na ndugu zake tu. Nilielewa nusu. Alitaja kaka yake, halafu akanitaja mimi, na hapo akakaa muda mrefu zaidi.

Alipomaliza hakuinuka. Nikajua anasubiri niitikie.

Neno lenyewe ni fupi, na muda si mrefu uliopita nilikuwa nimewafanya watu kumi na wawili walitamke kwa kelele. Sikuitikia.

Mama akasema "Amina" mwenyewe, akainuka kwa kushikilia ukuta, akaniambia nimletee vikombe vilivyobaki ndani.