Maji Yaliyobaki Kibuyuni

Kila ninapompaka mjukuu wangu mafuta ya mbarika, harufu yake hunirudisha uani kwetu, asubuhi ile baba alipokwenda vitani.

Mdogo wangu alikuwa na upele usoni, unakwaruza kama pumba za mpunga, miezi kadhaa hauponi. Bibi alisema kijicho, mama akasema joto. Baba alikuwa amenyunyiziwa dawa ya vita, maji yenye mafuta hayohayo, akatuachia kidogo kibuyuni.

“Mwenzangu, haya yanageuza risasi kuwa maji,” alimwambia mama. “Yatashindwa na upele wa mtoto?”

Mama alimnawisha siku tatu. Siku ya nne akamgeuza uso kwenye mwanga. Upele ulikuwa umeshuka hadi shingoni.

“Mama, haujapona?” nikauliza.

Akaweka kibuyu chini. Alikuwa akiitazama njia aliyoshika baba.