Mkanda wa Paka na Jirani Aliyeacha Kunitukana

Siku jirani yangu aliponisalimia kwa adabu, ndipo nilipojua kuna jambo.

Yeye ni Myao wa Tunduru, anauza korosho za kukaanga barabarani. Mimi ni Mngoni wa hapa hapa Songea. Miaka sita tumepakana huku Msamala, na hatujawahi kuamkiana kama watu wenye akili timamu. Sisi ni watani. Asubuhi yeye hunifungulia na "Bado hujafa tu?", nami humjibu, "Nakungoja wewe utangulie, nije kula ugali wa matanga yako." Basi siku inaanza vizuri.

Jumanne ile alipita mbele ya kibaraza changu, akatazama chini, akasema, "Habari za asubuhi, dada."

Dada! Sindano ikanichoma kidole.

Maana jana yake paka wangu alikuwa amerudi akichechemea.

Niseme tu ukweli kwamba mimi si mtu wa kutoka. Nashona sare za shule nyumbani, cherehani iko dirishani, na safari yangu ndefu ya wiki ni kwenda kununua uzi. Paka ndiye anayetembea kwa niaba yangu. Mwezi mmoja kabla ya hapo alipotea siku tatu, nikalia kuliko nilivyolia matokeo yangu ya kidato cha nne yalipotoka, na yale yalistahili kuliliwa. Aliporudi, nikaapa hatapotea tena. Nikamshonea mkanda wa shingoni kwa kipande cha kitambaa cha bluu kilichobaki kwenye sketi za wanafunzi. Nikaandika namba yangu ya simu kwenye karatasi, nikaikunja, nikaifunga na nailoni isilowe, nikaitia kwenye kifuko kidogo cha ngozi nilichokata kwenye kiatu kibovu. Kifuko nikakishona pande zote nne kwa uzi mweusi. Kazi safi, nikajisifu mwenyewe kwa kuwa hakukuwa na mwingine wa kunisifu.

Tangu hapo mambo yakaanza. Kwanza alirudi na sikio lililochanika. Nikasema, ugomvi wa madume. Halafu akaja na pua iliyochubuka. Nikaanza kuhesabu. Jumatatu akaja akichechemea, na nilipomgeuza nikaona chini ya kwapa la mguu wa mbele manyoya yameisha, nyama inaonekana, nyekundu. Hapo nikajua kuna mtu anammaliza paka wangu kidogo kidogo, na asipojulikana upesi, siku moja sitaletewa paka, nitaletewa habari.

Nikageuza cherehani itazame uani kwa jirani.

Niliyoyaona hayakunifurahisha. Dagaa wake wa Nyasa, waliozoea kuanikwa mkekani mpaka jioni, sasa anawakusanya paka wangu akitokeza tu. Mlangoni ameegemeza fimbo ndefu ya mwanzi ambayo zamani haikuwapo. Na Jumatano, kwa macho yangu haya, nilimwona akipita kando ya uzio wetu wa mabanzi, bakuli mkononi, ananyunyiza kitu cheupe huku midomo inacheza. Sumu! Nikashona mfuko wa shati la mtoto wa watu ukawa mgongoni.

Alhamisi nikamtia paka kwenye kikapu chenye kifuniko, nikatoka. Ndiyo, nilitoka. Nikampeleka kwa daktari wa mifugo kule Mshangano. Kabla ya kuondoka nilimvua ule mkanda nikaufua, maana ulikuwa mchafu na sikutaka tuonekane watu wa ovyo mbele ya daktari.

Daktari, aliyezoea ng'ombe na nguruwe, alimshika paka kama anashika yai. Akatazama kwapa, akatikisa kichwa.

"Huyu hakung'atwa, mama. Hii ni alama ya kamba. Nani anamfunga?"

"Hakuna anayemfunga."

"Basi kuna anayemfunga usiyemjua."

Akamsafisha, akampaka dawa. Mimi sikusikia mengine. Nilirudi na kikapu changu moja kwa moja mpaka mlangoni kwa jirani.

"Hodi!" Sauti niliyotoa ilikuwa ya polisi.

"Karibu, dada."

"Usiniite dada! Paka wangu unamfungia kamba kwa nini?"

Akaweka chini ungo wa korosho. "Mimi? Mimi nimfunge? Astaghfirullah! Mimi hata kumgusa siwezi, na hirizi ile uliyomvisha!"

"Hirizi gani?"

"Ile ya shingoni! Ngozi, uzi mweusi, imeshonwa pande nne. Unanitumia paka mwenye dawa uani kwangu kila siku, halafu unakuja na kikapu kuniuliza kamba?"

Nikakaa kwenye kigoda chake bila kukaribishwa.

Akanieleza akiwa amesimama mbali. Mara ya kwanza alimkuta paka ananing'inia kwenye uzio, mkanda umenasa kwenye msumari wa banzi, macho yamemtoka. Akamsukuma na fimbo mpaka akachomoka, sikio likachanika. Siku ya pua alikuwa amenasa pale pale, ila alijinasua mwenyewe. Jumatatu alimkuta uani, mguu wa mbele umeingia ndani ya mkanda na kukwama kwapani, anatembea kwa mitatu huku analia kama mtoto. Alitumia fimbo ile ile kuusukuma mkanda mpaka mguu ukatoka, na bismillahi zisizo na idadi.

"Na kile cheupe ulichomwaga uzioni?"

"Chumvi. Ya kukuzuia wewe, wala si paka." Akanitazama vizuri. "Lakini na wewe si fundi? Mkanda unaopwaya vile unamvalisha paka au ndama?"

Hapo ndipo nilipoona nilichofanya. Mimi sijawahi kushona nguo ya mwanafunzi bila kuacha nafasi ya kukua. Wazazi wa hapa wanataka sketi ya darasa la kwanza ifike la tatu, na mikono yangu haijui kushona vinginevyo. Paka naye nilimwachia nafasi afike la tatu. Ana miaka mitano. Amemaliza kukua zamani, wala shule hakwenda.

Nikaenda kuuleta ule mkanda na mkasi, nikakipasua kile kifuko mbele yake. Yeye alisimama kizingitini, mguu mmoja nje, mpaka karatasi ilipotoka.

"Namba yako hii?"

"Yangu."

"Si ninayo kwenye simu?"

"Unayo."

"Sasa hii ulimwandikia nani?"

"Mtu asiyemjua paka."

"Mwizi wa dagaa huyu, Msamala nzima nani hamjui?"

Kidonda kilipopona nikashona mkanda mwingine, unaopitisha vidole viwili tu, bila kifuko, na namba nikaiandika kwa wino juu ya kitambaa mtu aione. Mahali pa kufungia sikupitisha cherehani. Nilipiga bandi, ule mshono mwepesi wa kushikiza nguo kabla ya kuishona, ili ukinasa ukatike. Jirani ndiye aliyeujaribu. Aliuvuta kwa kidole kimoja, ukaachia.

"Kwa mara ya kwanza umeshona kitu kibovu kwa faida," akasema. Nikapumua. Nimetukanwa.

Juzi paka amerudi shingo tupu, mzima, hana hata mchubuko. Mkanda wake umebaki kwenye ule msumari wa uzio, unapepea. Nilimwambia jirani auchukue, maana uko upande wake.

"Njoo uuchukue mwenyewe, mchawi," akasema, na akapita mbali nao.