Wimbo wa Majani Kwenye Mashine Mbili

Sisi tuliokua Moshi wakati televisheni inataka mlingoti unaopita paa mara tatu, ukielekezwa Kenya ili unase picha zenye chenga, sisi ndio tunajua kompyuta ilivyokuwa. Vijana wa leo wanaishika tu. Kijana anaingia dukani kwangu Majengo, kidole gumba kinagusa simu mara tatu, ngoma inatoka, besi inatoka, na kinanda juu yake. Ananiambia, "Mzee, nimetunga." Umetunga wapi? Umebonyeza. Nasema wazi kwamba nina wivu, na nisingekuwa nao nisingeshika kalamu.

Shule niliishia darasa la tano. Baba alifariki, kihamba, shamba letu la migomba, kikabaki mikononi mwa mama, na mimi nikawa mtu wa majani. Mnaotoka mlimani mnajua maana yake: ng'ombe wetu hatoki zizini, chakula ndicho kinachomfuata. Wanawake walishuka alfajiri hadi tambarare kukata majani, wakapanda nayo kichwani mwendo wa saa mbili, njia nzima wanaimba. Nilipanda nyuma ya mama na mzigo wangu mdogo, umande na jasho vikichanganyika shingoni, ncha za majani zikinichoma masikio. Nikiwaza kiburu, ndizi na maharage yaliyobaki chunguni nyumbani, miguu inapata nguvu.

Wimbo wao ulikuwa na mguu unaochelewa. Mguu wa kwanza unakanyaga. Wa pili unasita, kwa sababu mzigo unakuvuta nyuma, halafu ndio unatua. Ukiuimba umekaa kwenye kiti unaukosea. Mama alikuwa akiniambia, "Usiukimbize mguu, utamwaga mzigo." Basi.

Mara mbili kwa wiki nilishusha ndizi Majengo, nyumbani kwa fundi redio mmoja. Binti yake, Zuhura, alikuwa rika langu, na mdomo wake ulikuwa hauna breki. Baba yake mdogo aliwaletea kutoka Mombasa kompyuta ndogo, unene wa kitabu cha sala, vitufe vya mpira. Unaichomeka kwenye televisheni, na programu inaingia kwa kaseti ya kawaida, dakika tano nzima za mlio wa kutia ganzi meno. Ukipita karibu ukautikisa waya, unaanza upya. Tulikaa kimya kama tuko msikitini.

Programu ya muziki ilikuwa safu tatu za tarakimu zinazoshuka kutoka juu ya kioo. Kila safu ni sauti moja, kila mstari ni hatua moja. Unaandika namba ya sauti, unashuka mstari. Ukiacha mstari mtupu, sauti inaendelea kulia. Hakuna picha, hakuna mapambo, tarakimu tupu. Mimi niliyekatishwa shule niliielewa siku ile ile, maana ilikuwa kama kupanda mahindi: shimo, shimo, ruka, shimo. Zuhura alishangaa, akasema kumbe mtoto wa mlimani ana ubongo chini ya zile kofia za majani.

Mashine ya pili ilikuwa parokiani kwetu, huko juu. Bruda mmoja mpole, mpenda kinanda, aliletewa na ndugu zake Ulaya. Hiyo ilikuwa bwana mkubwa: kioo chake yenyewe, diski zake yenyewe, na kipanya ambacho hatukuwa tumewahi kukiona kabla. Ukiiwasha unaona mistari mitano ya nota, na wewe kwa kipanya unazitaga nota juu yake kama mayai. Aliyeruhusiwa kukigusa kipanya alikuwa Aloyce.

Aloyce alikuwa mtoto wa mwalimu mkuu. Nilimwonea wivu viatu, nikamwonea wivu mkate wenye siagi, nikamwonea wivu baba aliye hai. Alisoma nota kama mimi ninavyosoma anga ya mvua. Mimi nilichungulia dirishani, mpaka siku moja Bruda akaniita ndani, akanikalisha. Ndiyo maana leo nazilinganisha kwa haki, maana nilizikalia zote mbili.

Ya parokiani ilikuwa na sauti nne, na wimbo wa kanisa ulitoka humo umenyooka, mtamu, hata machozi yanakulenga. Lakini kila kipimo chake cha nota kilikuwa debe. Debe likijaa, limejaa. Ukitaka kuongeza nusu kijiko, mashine inakataa. Mguu unaochelewa haukuwa na mahali pa kukaa humo. Ya Majengo ilikuwa na sauti tatu tu, tena za kukwaruza, lakini haikuwa na debe. Ukitaka mguu uchelewe, unaacha mstari mtupu mbele yake, unachelewa. Hakuna anayekuuliza umesoma wapi. Kwa nyimbo za kanisa, mashine ya Aloyce. Kwa nyimbo za kwetu, ya Zuhura. Wasomi na wabishe.

Sasa Bruda akatangaza kwamba siku ya mavuno atapigisha ukumbini nyimbo za wazee zilizoingizwa kwenye mashine, na aliyeutengeneza wake vizuri kuliko wengine atamchukua amfundishe nota na kinanda, kila siku, mpaka awe mwalimu wa muziki. Wenye shule hawawezi kujua maneno yale yalinipigaje. Kwangu mimi hakukuwa na mlango mwingine wa kurudia darasani. Aloyce akachagua wimbo wa majani. Nami nikachagua huo huo, makusudi.

Nilifanya kazi majuma matatu. Wanawake waliuimba kwa sauti nne na mashine yetu ilibeba tatu, kwa hiyo moja ilibidi niitupe. Nikaitupa ya pili, kwa sababu ndiyo aliyoipenda Aloyce, kila wimbo kanisani akiimba hiyo. Ulipokamilika, televisheni ya fundi ikatoa wimbo, na mama yake Zuhura, ambaye hakuwahi kubeba jani maishani, akaanza kutembea sebuleni mwake akisita mguu wa nyuma. Hapo nikajua nimeshinda.

Nikauhifadhi kwenye kaseti. Zuhura akaniambia nisubiri, tuweke redio mbele ya televisheni turekodi wimbo wenyewe unavyolia kwenye kaseti nyingine. Nikamjibu kaseti ni kaseti. Redio ya Majengo inasoma kaseti ya Arusha, kwa nini kompyuta ya parokiani isisome ya Majengo?

"Hii siyo sauti, ni namba," akasema. "Kichwa chako kigumu kama mchi."

"Umeona nitashinda ndiyo maana unanichelewesha," nikamwambia. Nikaondoka.

Ukumbi ulijaa. Wimbo wa Aloyce ukapigwa kwanza. Msafi, sauti zote nne, kama nguo iliyotoka kwenye pasi. Wanawake wa majani walijaribu kuufuata kwa miguu, wakagongana, wakacheka, wakakaa. Mama hakusimama kabisa. Nikajiambia sasa ni zamu yangu, nikampa Bruda kaseti. Akaizungusha mkononi, akatafuta kwenye mashine yake tundu la kuiingizia, hakuna. Kwa huruma akaiweka kwenye redio.

Ukatoka mlio ule wa kutia ganzi meno. Watoto wakaziba masikio. Mzee mmoja aliyekuwa na mbege yake, pombe ya ndizi, akauliza kwa sauti ni nguruwe wa nani anachinjwa. Ukumbi mzima ukaanguka kicheko, na Aloyce naye, mkono mdomoni kwa adabu. Bruda akasema tutarudia siku nyingine. Siku hiyo haikufika. Jumatatu Aloyce alianza masomo.

Mimi nikateremka Majengo, nikamwomba fundi anifundishe redio. Kila nilichonacho nimekipata kwa mikono hii, duka, nyumba Rau, watoto waliosoma, na sidaiwi asante na mtu. Zuhura sasa ni bibi, yuko Pasua; tukikutana ananiuliza kama kaseti bado ni kaseti, nami namwambia apeleke salamu kwa mumewe. Aloyce akawa mtunzi mkubwa. Kwaya zote huku zinamwimba. Kila Jumapili nyimbo zake zinatoka kwenye spika nilizozitengeneza mimi, na watu wanasema spika hizi zinalia vizuri, halafu wanamsifu yeye.

Mwezi uliopita alikuja dukani. Ameota mvi, anatembelea fimbo. Nikampa kiti na chai, tukaulizana habari za watoto. Akaniambia anaandika kitabu cha nyimbo za wanawake wa mlimani, na wimbo wa majani umemshinda. Waliouimba wote wamezikwa. Vijana wake wameuweka kwenye simu, na simu imeunyoosha kuliko hata mashine ya Bruda, kila mguu mahali pake kama askari wa gwaride.

"Nilikusikia ukiuimba ulipokuwa ukipanda na mama yako," akasema. "Nimekuonea wivu miaka yote hiyo. Ule mguu wa nyuma uliuwekaje, kaka?"

Nimengoja maisha yangu yote mtu huyu aniombe kitu. Nikakoroga chai yangu.

"Nimesahau," nikamwambia.

Akasema wewe hukuwahi kusahau kitu, akaichukua fimbo yake, akaaga kwa heshima.

Enzi zetu wimbo ulikaa miguuni mwa watu, ukitaka kuujua unabeba mzigo. Siku hizi upo kwenye simu ya kila mtu na hakuna anayejua kuutembea. Sijui kipi ni kibaya zaidi, simu yao au mdomo wangu. Jioni ile nilifunga duka nikauimba njia nzima hadi Rau, polepole, mguu ukichelewa pale pale ulipokuwa ukichelewa wa mama. Hakuna aliyeitikia. Wanawake waliokuwa wakiitikia hawapo, na mtu mmoja aliyebaki wa kuitikia, Aloyce anayeipenda sauti ya pili, nilikuwa nimemrudisha nyumbani mikono mitupu.