Jabali Nililolisoma Upande Mmoja

Hadi leo nikikumbuka mwili unanisisimka. Mzungu mpima ardhi alitaka bendera isimikwe juu ya jabali huku kwetu Kisarawe, nami, kwa kimbelembele changu, nikajitolea kulipanda. Siku tatu nilikaa chini yake nikikariri nyufa, mguu hapa, mkono pale, na kuuambia moyo utulie. Siku ya nne nikavua kanzu isininase, nikabaki na nguo ya ndani, nikapanda. Sikuteleza hata mara moja!

Nikaibuka kileleni nikipiga kelele za ushindi. Ya Rabi! Uso kwa uso na mama mkwe, kajitwika kuni.

Akajifunika kanga usoni. “Mkwe wangu,” akasema, “mbona hukupita njia ya nyuma, tunayopita sisi siku zote?”