Geti Nililomfungia Binti Yangu

Mageti mengi unayoyaona kutoka Kawempe hadi Kasubi nimeyachomelea mimi. Sisemi kwa kujisifu, ingawa nikijisifu nina haki. Shule niliishia darasa la tano, baba yangu askari alipohamishwa kikosi na sisi tukasahaulika kota. Kuchomelea nilijifunza kwa kuchungulia, bila miwani, mpaka macho yakavimba. Leo wahandisi wenye vyeti ukutani wananipigia simu kuniuliza bawaba gani ibebe mlango gani. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba mimi ni mjinga. Lakini kwa habari ya mtoto wangu wa mwisho nilifanya ujinga, na mpaka leo nikikumbuka damu inanichemka.

Alizaliwa nikiwa nimeshaota mvi. Wakati huo tulikuwa bado tunakaa kwenye vyumba vya kupanga, vile vya mstari mmoja vinavyoitwa mizigo, karakana yangu ikiwa mbele na wanawake wapangaji wakikaa nyuma. Mke wangu alikuwa anauza vitenge sokoni. Akiondoka asubuhi, mtoto anabaki na mama yangu, na mama akitaka kuosha vyombo anampa mama wa mandazi wa chumba cha tatu, naye unga ukimjaa mikononi anampitisha kwa mwingine. Mtoto alizunguka mstari mzima kama sufuria ya kuazimana. Alikuwa hajali. Akisikia njaa kabla mama yake hajarudi, mama yangu anatoa ziwa lake, ziwa la bibi lisilo na kitu, anampa anyonye. Mtoto anatulia. Hivyo ndivyo nilivyolelewa kota, na sikuwahi kuona ajabu.

Siku moja akaja madam mmoja kuangalia geti lake. Mtu aliyesoma sana, anaongea polepole kama anayemwagia maua maji. Nikiwa napima, akamwona mtoto anatoka mkono huu kwenda ule, kisha akamwona mama yangu anatoa ziwa.

“Fundi, mama yake ni yupi hapo?”

“Hayupo, madam. Yuko sokoni tangu asubuhi.”

“Na mtoto halii?”

“Halii hata kidogo!” nikasema, kifua mbele, kama vile hilo nalo nimelichomelea mimi.

Akanitazama kwa huruma. Hakuna kitu ninachokichukia kama huruma. “Hilo si la kufurahia, fundi. Mtoto asiyelia akichukuliwa na kila mtu ni kwamba hana anayemjua. Mtoto anahitaji mtu mmoja. Na hilo la bibi, samahani, si jambo la usafi.”

Angekuwa fundi mwenzangu ningemjibu. Lakini watu wa vitabu wananifunga mdomo. Nilibaki na futi yangu mkononi, nikaona aibu mbele ya watu wangu na aibu kwa ajili ya watu wangu. Maneno yale nikayabeba mpaka kitandani.

Nyumba niliyokuwa najenga kule juu kilimani ilikuwa inakaribia kuisha. Nikaharakisha. Nikaijengea ukuta, nikaitengenezea geti ambalo hata wezi walikuja kulisifu: bati nene, mikuki juu, hakuna tundu la kuchungulia. Tukahama. Nikamwambia mke wangu soko basi, kazi yako ni mtoto, asimbebe mtu mwingine. Halafu nikamwita mama.

“Mama, lile jambo la ziwa liishe.”

“Ziwa gani?”

“Lako.”

Akalishika juu ya gauni, kama mtu anayehakikisha bado lipo. “Hili? Hili ndilo lililokukuza. Na si hili tu. Nilipokwenda kumzika mama yangu, wewe ulinyonya kwa wanawake wanne wa kota, wa makabila mbalimbali, Mlugbara, Mteso, wote. Nenda basi ukawatapike.” Akakunja mkeka wake, akaenda kukaa kwa dada yake kule Namuwongo. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

Wanawake wa mizigo walikuja kugonga geti mara mbili. Mara ya kwanza mke wangu aliwapokea mlangoni, mtoto kamkumbatia yeye. Mara ya pili nikawaambia mwenyewe kwamba amelala. Mara ya tatu haikuwepo.

Ikawa alivyosema madam. Mtoto alipofika miezi kumi, mke wangu akisogea hatua mbili ni kilio cha kuita majirani. Mwanzoni nilishangilia. “Unaona? Sasa anamjua mama yake!”

“Anamjua mama yake,” akasema mke wangu, anasonga ugali mtoto akiwa mgongoni, jasho linamtiririka. “Na mama yake anakwenda chooni naye. Wewe umeshangilia, sasa mbebe.”

Nikanyoosha mikono. Mtoto akazika uso wake kwenye shingo ya mama yake, akalia kama aliyeona nyoka. Mimi! Mwenye nyumba!

Ndipo tumbo la mke wangu likaanza kumuuma. Daktari akasema kuna vijiwe kwenye nyongo, apasuliwe, alale wodini siku tano, na mtoto haruhusiwi humo. Mke wangu akaniuliza jambo moja tu: “Namwacha na nani?”

“Na mimi. Kwani mimi ni nani?”

Tukajaribu Jumapili. Yeye akaenda kanisani, mimi nikabaki na binti yangu. Nilimpa bisibisi mpya, nikamchezesha funguo, nikamgongea sufuria, nikamwimbia nyimbo za kwata za baba. Alilia mpaka sauti ikakwama, akatapika uji kwenye shati langu. Niliwahi kubeba geti la chuma peke yangu kutoka barabarani mpaka juu kilimani, lakini mtoto wa kilo nane alinishinda kabla ya saa tano. Mama yake alipoingia, mtoto alimrukia, akalala papo hapo bado ana kwikwi.

Mke wangu akaahirisha upasuaji. Akaahirisha tena. Akawa anajikunja ukutani maumivu yakija, mtoto bado yuko kiunoni. Daktari akanifokea kama mtoto wa shule: “Mzee, unangoja nyongo ipasuke?”

Sikuwa na njia. Nikaenda Namuwongo. Mama alikuwa amekaa karibu na reli anamenya mihogo. Hakuinua macho.

“Mwenye geti amekuja. Umepotea njia?”

“Mama, mke wangu anaumwa. Mtoto hataki mtu.”

“Si ndivyo ulivyotaka?”

“Nisamehe. Twende leo, kesho apasuliwe.”

Akacheka mpaka kisu kikamtoka. “Kesho! Geti unalichomelea asubuhi, jioni linasimama. Huyu umemfunga miezi sita, unataka nimfungue kwa siku moja? Mwambie huyo daktari wiki mbili. Na wale wanawake wa mizigo uwaombe mwenyewe, kwa mdomo wako huo huo.”

Nikawaomba. Mama wa mandazi akasimama na mwiko wake wa mafuta. “Jamani, tajiri amekumbuka chumba cha tatu! Mtoto ameamka? Maana tulipokuja alikuwa amelala.” Mstari mzima ukaangua kicheko. Nikainamisha kichwa. Walikuja.

Mama yangu sasa. Siku tatu alikaa uani amempa mtoto mgongo, anachambua karanga. Hakumgusa, hata kumtazama. Mimi nachemka, nimekwisha kumpigia simu daktari mara mbili.

“Mama, mbona humbebi?”

“Nilikatazwa.”

“Nimekwisha kukuruhusu!”

“Wewe ndiyo. Yeye bado.”

Wanawake wakaja na kazi zao, huyu na unga, huyu na nguo za kufua, wakapiga soga uani kwangu kama pale pa zamani. Mke wangu alikaa katikati yao na mtoto wake. Siku ya nne mtoto akatambaa, akashika gauni la mama yangu kwa nyuma, akasimama. Mama akaendelea na karanga zake. Kesho yake akasimama tena, akamvuta kitambaa cha kichwa. Wiki ilipoisha, mama akainama tu, mtoto akapanda mgongoni mwenyewe, akafungwa kitenge cha mama yake chenye harufu yake. Mimi nilikuwa namsogelea kila jioni na mikono yangu, na kila jioni ananikimbia kwa kilio.

Asubuhi ya upasuaji alilia, sikufichi. Alilia mama yake alipopanda gari, akapitishwa kwa mama wa mandazi, akalia, akarudishwa kwa mama yangu. Mimi nikaondoka na mgonjwa, kile kilio bado kiko masikioni.

Niliporudi alasiri nilikuta geti langu limefunguliwa wazi, limezuiwa na jiwe. Geti ambalo wezi walilisifu! Nikaingia na hasira. Wanawake wamejaa kwenye mkeka, na binti yangu yuko kwenye mapaja ya mama yangu, ananyonya lile ziwa, jicho moja limefumba. Nikanyoosha mikono. Akaliachia ziwa, akanitazama kutoka kichwani mpaka kwenye buti, akageukia upande wa pili.

“Mgeni huyo!” akasema mama wa mandazi, wakacheka.

“Mpaka lini, mama?” Nikashusha mikono. “Nyumba nimejenga mimi. Chakula naleta mimi. Nifanye nini tena?”

“Hujawahi kukaa,” akasema mama. “Kila siku unakuja umesimama, mikono mbele, kama polisi. Vua buti. Kaa. Mpe mgongo.”

Nikavua. Nikakaa ukingoni mwa mkeka na soksi zangu zilizotoboka, nimeelekea ukutani, nina hasira, sina la kuchambua. Simu ikalia. Mke wangu, sauti ya usingizi wa dawa, kutoka wodini.

“Analia?”

“Halii,” nikasema. “Halii hata kidogo.”

“Nani amembeba?”

“Mama.”

“Na wewe?”

“Mimi nimekaa.”