Usijitoe Kabla ya Mwamuzi

Siku ile haijanitoka kichwani, mwanangu, na kwa vile umeniuliza kwa nini niliacha kriketi, kaa chini nikwambie. Na usinikatize na "men mamma" zako, hizo "lakini mama" za lugha ya huku, kabla sijamaliza.

Nilikuwa na miaka ishirini. Tulikuwa Skärholmen, huku huku ughaibuni, mechi ya kuchagua timu ya kusafiri, nami nimeshafikisha alama za mikimbio thelathini na nane. Mpira ukagusa gongo langu kidogo tu, mdakaji anayesimama nyuma yangu akaudaka kabla haujagusa chini. Kwa sheria nimetoka. Mwamuzi hakusikia, akatikisa kichwa: endelea. Lakini mimi nilifundishwa sekondari, Dar, kwamba mchezaji mwenye adabu akijua ametoka hangoji kuambiwa. Nikavua kofia, nikaondoka. Tena kwa maringo, mjinga mie!

Akaingia nahodha wetu. Mpira ukagonga gongo lake mpaka sisi tuliokaa kwenye nyasi tukasikia, ukadakwa. Yeye akainama, akafunga kamba za viatu. Mwamuzi akamwacha. Akafika themanini.

Majina yaliposomwa, langu halimo. Nikamfuata kocha. Akasema, bila hata aibu, "Unacheza vizuri, ila hukai."

Nikaenda kulia kwa Mama Atieno, mama wa Kikenya aliyekuwa akituletea chai. Hakunibembeleza.

"Ni nani alikutoa?"

"Hakuna, mama. Ni adabu ya mchezo."

"Na yule mwenzako? Si ndiye anasafiri? Umejitoa mwenyewe, sasa unamlilia nani? Kunywa chai, inapoa."

Nilimchukia wiki nzima. Uwanjani sikurudi tena. Yaani nilijitoa mara ya pili, na safari hii hata mpira haukunigusa. Mechi tano, basi, ndiyo kriketi yangu yote, na hakuna anayeikumbuka. Mwaka uliofuata ukazaliwa wewe, watu wakasema mtoto ndiye aliyeniachisha. Waongo. Si wewe. Nilikwisha ondoka.

Sikufundishi uongo. Ukiulizwa kama mpira umekugusa, sema umenigusa, hata kama itakuuma. Ila usiwasaidie watu kazi ya kukutoa. Shuleni, kazini, kwenye maofisi yao, kaa hapo hapo mpaka mwenye kazi hiyo akutazame usoni aseme: toka.

Mungu akupe miguu mizito, mwanangu, siku wote wanapongoja uondoke. Amina.